Hita ya Darini

Kila nikisimulia habari hii, hakosi mtu wa kuniuliza, "Lakini mwisho si walinunua?" Naam, walinunua. Na nikilisikia neno hilo, mwisho, damu hunipanda upya, maana anayeuliza anakuwa ameketi Kisauni, kajifunga leso moja, anajipepea kwa kawa, na baridi ya Riyadh hajui hata inavyonuka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi nieleze yaliyokuja kabla ya huo mwisho, kisha aamue mwenyewe.

Mimi nilikwenda Saudia bila sweta. Agenti aliyenisafirisha alinikagua begi akaicheka sweta ya kaka yangu niliyokuwa nimeikunja juu. "Unakwenda jangwani, dada," akasema. "Huko utalia joto." Nikaitoa. Na mwanzoni hakuwa amenidanganya, maana kazi yangu ya kwanza ilikuwa Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, karibu na bahari. Joto la Jeddah ni la kwetu lililozidishwa: nguo zinakushika mgongoni toka asubuhi, na chumvi ya hewani inakula misumari ya madirisha. Nilikuwa nikimtunza bibi mmoja mzee na mumewe. Nililala chumba cha nyuma ya jiko, na sikuwa na cha kulalamikia. Bibi aliniita binti yangu. Jioni tukinywa kahawa pamoja, yeye akinifundisha Kiarabu chake cha Hijazi na kunicheka nikikosea.

Mumewe akafa. Eda ilipokwisha, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi Riyadh, akaja akasema mama hawezi kukaa peke yake, nyumba itafungwa, anahamia kwake. Mimi nikahamishwa pamoja na makabati. Hakuna aliyeniuliza. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ikaandikwa upya, mwanawe akawa ndiye kafili wangu, mdhamini wa kazi, na tangu siku hiyo nikamwita baba, ingawa tulikuwa hirimu moja. Mkewe nikamwita madam.

Nyumba ya Riyadh ilikuwa kubwa, ya mawe meupe, na ngazi za marumaru zilizokuwa zikiishia orofa ya pili. Kutoka hapo kulikuwa na ngazi nyingine, nyembamba, ya saruji tupu, na hiyo ndiyo iliyokwenda chumbani kwetu, darini, kando ya matangi ya maji. Mlango ulikuwa wa chuma. Dirisha moja, na nusu yake ilizibwa na mashine ya baridi iliyochomekwa kwa nguvu ikaacha nyufa pande zote. Humo nikamkuta mwenzangu, msichana wa Nyahururu, aliyekuwa akimfanyia madam kazi tangu kabla yangu. Alikuwa Mkristo, mcheshi, na alinipokea vizuri kuliko wengi walio damu yangu.

Tulifika wakati wa joto, kwa hivyo sikushtuka. Ni yeye aliyenionya.

"Wewe ngoja Desemba," akasema. "Mimi nimezaliwa kwa baridi. Kwetu asubuhi nyasi inakuwa nyeupe. Lakini huko tuko na moto jikoni. Hapa tuko na blanketi na Mungu."

Desemba ikaja. Sisi watu wa pwani tuna neno moja la baridi, na tunalitumia hata kwa soda. Ile ya Riyadh ilitaka neno lake. Upepo ulitoka jangwani, mkavu, ukapita katika nyufa za ile mashine ukipiga mluzi. Maji ya tangi, ambayo Julai yalituunguza, sasa yaliuma vidole mpaka kucha zikawa zambarau. Midomo ilipasuka ikatoka damu tukicheka. Nilivaa kila nilicho nacho, dera juu ya dera, suruali ya kulalia, soksi za baba zilizotoboka, na buibui juu ya vyote, nikalala hivyo hivyo. Asubuhi nikiteremka kwenda jikoni magoti yalikataa kukunjuka. Tuliziba nyufa kwa matambara na mifuko ya plastiki, tukakunja zulia kuukuu tukaliweka chini ya mlango. Ikasaidia kidogo.

Chini nako hapakuwa pazuri sana wakati huo. Nyumba nzima ilikuwa na hita moja ya gesi, ya zamani, ikisukumwa kutoka majlisi, sebule ya wageni, kwenda vyumbani na kurudi. Ilinuka. Bibi, mtu wa bahari, viungo vilimuuma mpaka akawa analia akitawadha. Siku moja hita ile ikatoa mwali mrefu wa njano ikaunguza pazia. Baba akaitoa nje kwa teke.

"Halas," akasema. "Nunueni mpya, nyumba nzima."

Nyumba nzima. Nilimsikia mwenyewe, nimeshika pazia lililoungua mkononi. Nikapanda darini mbio kumwambia mwenzangu.

Akanitazama kidogo. "Na sisi tuko ndani ya nyumba, ama tuko juu yake?"

Bibi alishikilia kwamba lazima nifuatane na madam dukani, kwa kuwa mimi ndiye niliyeujua mwili wake. Madam aliendesha gari mwenyewe, na kitinda mimba wake, msichana wa chekechea, akakaa nyuma nami. Duka lilikuwa kubwa, lenye taa nyingi na sakafu unayoweza kujitazamia. Hita zilipangwa kama watu kwenye sala, safu baada ya safu. Muuzaji alikuwa Msudani mpole, na alieleza vizuri. Zile za waya mwekundu hupasha upesi, lakini blanketi likizigusa linashika moto. Za feni hukausha kifua. Za mafuta, zenye mbavu kama za ng'ombe aliyekonda, huchelewa kupata moto, ila zikishaupata hukaa nao, na hazina mwali wala harufu.

Madam hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya hita moja pana, ya kuwekwa ukutani, yenye kuni za plastiki na mwali wa taa unaochezacheza.

"Hii inapasha?" nikamuuliza Msudani.

"Kidogo," akasema. "Hii ni ya kutazama."

Madam akaichukua kwa ajili ya majlisi. Akachagua ya chumba chake, akachagua za watoto, kwa rangi ya mapazia. Kwa Bibi alitaka moja nyeupe ya feni, nyembamba, ya kuwashwa kwa rimoti.

"Madam," nikamwambia, "Bibi hujifunika gubigubi, na blanketi lake huanguka. Kifua chake nacho kibovu. Tumchukulie hii ya mbavu."

Nikainama nikajaribu magurudumu yake, nikapima kishikio kama mkono wenye yabisi utaweza kukishika. Madam akasema sawa, na nikafurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi kama niliyeinunua kwa pesa zangu.

Mtoto akamvuta mamake abaya. "Na kasuku?"

Walikuwa na kasuku kwenye tundu lake koridoni. Madam akacheka. "Wallahi kweli, atatufia!" Msudani akaleta hita ndogo, ya kijani, ya kupendeza.

Nikaona ndio wakati wangu. Maneno yale nilikuwa nimeyapima tangu asubuhi, nimeyapunguza, nimeyalainisha.

"Madam, na chumba chetu cha juu?"

Alikuwa anatafuta kadi mkobani. Hakuinua uso. "Nyinyi mko juu. Jua linawapiga kutwa."

"Usiku hakuna jua, madam."

"Mnafanya kazi, mnapanda na kushuka. Mwili unaofanya kazi haupoi." Kadi ikaonekana. "Tena umeme wa kule juu hauwezi kubeba hita."

Umeme uliobeba mashine ya baridi kiangazi kizima! Msudani akateremsha macho, akaanza kufunga kamba sanduku lililokwisha kufungwa. Mimi nikasukuma toroli hadi garini, hita ya kasuku imekaa juu ya zote. Nilikuwa nimefura, na mtoto akawa akiniuliza kama kasuku atajua kuiwasha.

Mwenzangu nilipomweleza alicheka mpaka akajishika mbavu. "Wacha niote manyoya," akasema. Kisha akageukia ukutani, na sikumwona uso mpaka asubuhi.

Nilimwendea Bibi. Nilidhani neno lake lina uzito. Nilikuwa nakanda miguu yake, hita ya mbavu iko kando yetu, chumba kimekuwa kama Jeddah. "Bibi, tusemee kwa madam. Kule juu tunakufa."

Akaniwekea mkono kichwani. "Binti yangu, hii ni nyumba ya mke wa mwanangu. Hata mimi ni mgeni." Akanipa shali yake ya sufu. Niliichukua na nikambusu mkono, na usiku ule tuliilalia watu wawili kama mbwa kwenye gunia.

Mwezi ule mwenzangu akaanza kukohoa. Kikohozi cha chini, kizito. Aliendelea na kazi, kwa sababu hakuna aliyemwambia asiendelee. Ijumaa moja ilinyesha mvua, ile mvua ya Riyadh ya ghafla inayofurika barabara, na baada ya alasiri madam alikuwa na wageni, wanawake wa ukoo wa mumewe. Wanaume walikuwa majlisi ya upande wa pili na baba. Mimi nilikuwa nikimimina kahawa na kupitisha tende na chetezo cha udi. Wageni walinyoosha mikono kuelekea moto wa plastiki wakasema mashallah, jinsi unavyopendeza, na mimi nikamimina tu.

Jikoni, mwenzangu alikuwa akikohoa. Madam akatoka, nikasikia sauti yake kwa mbali, akarudi akitabasamu. Sikujua alichokisema. Mwenzangu alinieleza baadaye: aliambiwa apande juu wageni wasimsikie, achukue lile jiko la makaa ambalo baba huenda nalo kambini jangwani, ajipashe, na afunge mlango vizuri moshi usiteremke chini. "Nilimwambia, madam, makaa ndani ya nyumba si mazuri," mwenzangu alinisimulia. "Akaniambia, yalla, yalla, panda."

Wageni walipotulia nikapika chai ya tangawizi nikampelekea. Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa. Nikagonga, nikaita. Nikausukuma kwa bega, na lile zulia la chini likasogea. Joto likanipiga usoni. Chumba kile kilikuwa na joto kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, joto tamu, na kwa kupepesa jicho mwili wangu ulifurahi. Hilo nalo siwezi kuwasamehe, kwamba mwili wangu ulifurahi kabla sijaona.

Alikuwa amelala kifudifudi, nusu kitandani nusu sakafuni, kama aliyejaribu kuinuka. Mashavu yalikuwa mekundu. Alikuwa ametapika. Nikamwita, nikampiga makofi, hakuniitika. Kikombe sijui kilikwenda wapi. Nikamshika kwapani nikamburuta, nikapita naye juu ya kizingiti, visigino vyake vikigonga saruji, mpaka nje penye mvua. Nikamlaza ubavu chini ya tangi, mvua ikimpiga usoni, na mimi nikapiga kelele za shahada na za jina lake na za matusi, vyote pamoja.

Akavuta pumzi kwa mkoromo. Akavuta nyingine. Akafumbua macho akasema maneno ya Kikikuyu ambayo sikuyaelewa ila moja, mama. Akatapika tena, akalia kwamba kichwa kinampasuka. Nikamfunika kwa shali. Hapo ndipo, kwa vipande vipande, akaniambia nani aliyempandisha na jiko.

Mamangu alizoea kutuambia hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Siku hiyo nilikuwa mkizi, na sikujali mvuvi ni nani. Nikaingia ndani nimezuia pumzi, nikalibeba lile jiko kwa matambara mabichi, makaa yakiwa bado mekundu, nikateremka nalo ngazi ya saruji, kisha ngazi ya marumaru, nikilowesha kila mahali. Nikaingia majlisi ya wanawake, nikalitua juu ya sinia kubwa ya shaba iliyokuwa katikati, mbele ya ule moto wa taa.

Nilikuwa kichwa wazi, maji yananichuruzika. Nikasema kwa Kiarabu kile kile alichonifundisha Bibi, polepole, nisikosee.

"Madam, hii ndiyo hita uliyotuchagulia. Nakuomba ufunge madirisha, ufunge na mlango, ukae nayo wewe na wageni wako. Mwenzangu yuko juu kwenye mvua, anatapika, karibu afe. Nani atampeleka hospitali?"

Mgeni mmoja wa makamo akainuka akafungua dirisha. Madam alikuwa amegeuka rangi. "Umerukwa na akili," akasema. "Toa kitu hiki. Kitoe!"

Nikamtazama Bibi. Alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu ya mto niliomwekea mimi. Nikangoja. Nilijua atauliza, yu hai?

"Aibu," Bibi akasema. "Unamvunjia mwanangu heshima mbele ya watu?"

Basi. Madam sikumtarajia kitu, na asiyetarajiwa haumizi sana. Lakini huyu niliyemwosha, niliyemkatia kucha, niliyelia naye kwenye maziko ya mumewe! Kilichonipanda hapo kilikuwa kibaya kuliko hasira ya kwanza.

Baba alisikia kelele akaja, akabisha, akaingia. Akalitazama jiko, akanitazama mimi. Hakuuliza sana. "Wapi?" Nikaonyesha juu. Akakunja kanzu yake, akapanda, akambeba mwenzangu mikononi mwake mpaka garini, na nitamsifu kwa hilo, maana haki ni haki.

Hospitali wakamwekea oksijeni. Daktari akamuuliza baba ulikuwa moto gani, chumba gani, dirisha gani, akaandika, kisha akasema kwamba angechelewa kidogo tu wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Baba akaketi koridoni amejishika kichwa. Nikasimama mbele yake.

"Hita, baba. Leo."

"Inshallah," akasema.

"Leo."

Sijui nilikuwa na uso gani. Alipohakikishiwa kwamba mgonjwa amekaa sawa, alinipakia akaniendesha hadi Al-Shumaisi, mtaa wa zamani ambako wageni wa kila taifa hununua vitu vyao, maduka madogo yamebanana, maji ya mvua barabarani. Akasimamisha gari mbele ya duka la Myemeni mmoja. "Chagua," akasema.

Nikachagua. Nilichukua muda wangu kwa makusudi. Nilimwuliza Myemeni kila swali ninalolijua na nisilolijua. Nilizipindua, nilizigonga, niliziwasha na kuzizima, nikarudi kwenye ya kwanza. Baba alisimama mlangoni na kanzu iliyochafuka matapishi. "Yalla," akasema mara moja. "Bado, baba," nikamjibu, naye akangoja. Nikachukua ya mbavu, kubwa kuliko ya Bibi.

Na nilipokuwa nimeipakata garini kama mtoto, ndipo nilipotambua. Ilikuwa rahisi hivyo. Mtu alisimamisha gari, akaingia dukani, akatoka na hita, kama anayenunua mikate. Wiki zote zile, kikohozi kile, magoti yale, vilikuwa vinangoja jambo jepesi kiasi hicho. Tulipofika nikaichomeka ukutani, na umeme wa juu, ule usioweza, ukaibeba bila hata taa kupepesa.

Mwenzangu alirudi baada ya siku chache, dhaifu, msahaulifu. Aliweka mikono yake juu ya zile mbavu za hita akakaa hivyo muda mrefu, hakucheka. Mkataba wake ulipokwisha alikwenda zake kwao. Bado husema kichwa humgonga.

Madam alitaka nirudishwe Kenya siku ile ile. Baba akakataa. Mimi na madam hatukusemezana tena ila kwa amri. Bibi aliniita jioni moja nimkande miguu, nikamkanda, kama kazi.

"Umenikasirikia, binti yangu?"

"Ndiyo, Bibi."

Hakutegemea jibu hilo. "Niliona aibu," akasema.

"Mimi niliona maiti," nikamwambia, nikaendelea kukanda.

Kabla ya baridi iliyofuata Bibi akaikataa kabisa Riyadh, akaililia bahari yake, ikabidi wamfungulie nyumba ya Al-Hamra, na mimi nikarudi naye nikamalizia mkataba wangu huko. Tuliishi kwa adabu. Alinitendea mema mengi, na mimi nikamtunza vizuri, lakini kahawa nilikunywa jikoni.

Kabla sijaondoka Riyadh nilimwonyesha msichana mpya, aliyetoka Busia, jinsi ya kuiwasha ile hita ya juu, nikampa nambari yangu. Baridi ilipoanza akanipigia. Madam alikuwa ameiteremsha hita chumba cha kuchezea cha watoto. Akamwambia juu kuna jua.

Sikuhitaji kufikiri. "Usimwendee madam chumbani," nikamwambia. "Mwendee baba akiwa na watu. Sema kwa sauti."

Alifanya hivyo, siku nduguye baba alipokuja kula chakula cha mchana. Jioni hita ikapandishwa. Msichana akanipigia tena, anacheka na kulia, anasema ahsante dada, ahsante sana. Nikamwambia asinishukuru mimi, wala baba, wala mtu yeyote. Aiwashe tu.